Tiba ya akili kwa vijana: Nani atalipa wafadhili wakiondoka?

MAREKANI iliposimamisha misaada yake kwa mataifa ya nje mnamo Januari 2025, gumzo kubwa humu nchini lilihusu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Wachache walitaja huduma iliyokuwa imejistiri chini ya mwavuli huo: ushauri nasaha kwa vijana. Katika miradi mingi ya Ukimwi, mshauri anayelipwa na mfadhili ndiye pia humsikiliza kijana aliyelemewa na mfadhaiko au anayewaza kujitoa uhai.

Mfadhili hana lawama hapo. Fedha za mradi huja na tarehe ya kwisha, ilhali kijana mwenye skizofrenia huenda akahitaji dawa kwa miaka mingi, na akiziacha ghafla maradhi hurejea, pengine kwa kishindo kuliko awali. Tiba ya aina hii hudai fedha ambazo chimbuko lake linajulikana mwaka huu, mwaka ujao na mwaka utakaofuata.

Serikali nayo haiwezi kudai kwamba haikuonywa. Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa mwaka 2017 ulibaini kuwa afya ya akili ilitengewa asilimia 0.01 pekee ya matumizi yote ya afya. Mnamo 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Utafiti uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 12 ya Wakenya wa umri wa kati ya miaka 10 na 17 walikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka uo huo sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikatwikwa jukumu la kutoa huduma hizo na kuzitengea fedha.

Kisha, Januari 2025, Mahakama Kuu ikaamua kuwa kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulistahili pongezi. Lakini aliyekuwa akifikishwa kizimbani sasa anapaswa kufikishwa kliniki, na mahakama haina uwezo wa kumlipa mhudumu wa kliniki hiyo.

Wengi wanaitazamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Bima yake inagharimia matibabu ya akili. Tatizo ni kwamba asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua Sh3,600. Kijana anayeishi kwa vibarua, tena aliyevurugika akili kiasi cha kushindwa kuamka kitandani, ndiye wa mwisho kuukamilisha. Anayeihitaji zaidi bima hiyo ndiye aliye mbali nayo zaidi.

Njia iliyo karibu ni Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, iliyobuniwa na sheria za mwaka 2023. Hiyo hupata fedha kutoka kwa Bunge, na mgonjwa aliyejisajili huhudumiwa katika zahanati na vituo vya afya bila kudaiwa mchango. Ushauri nasaha na dawa za kuendelea nazo zikiwekwa wazi katika orodha ya huduma hizo, na zikapatikana kweli rafuni, kijana wa Turkana hatalazimika kusafiri hadi Mathari kutafuta tembe za mwezi mmoja.

Wala gharama si ya kutisha. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench uliobuniwa 2006 hutumia akina nyanya waliofunzwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Humu nchini, shirika la Shamiri limewatumia vijana waliotoka shule karibuni kuwahudumia wanafunzi wa sekondari katika vikao vinne tu. Mipango yote miwili imefanyiwa majaribio ya kisayansi na kuonyesha nafuu. Hata hivyo, walezi hao hawawezi kuchukua nafasi ya daktari kwa mwenye maradhi mazito.

Kuhusu chanzo cha fedha, kuna kodi ya kamari. Tangu 2018 kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii inayopokea pato la kodi hiyo, na afya kwa wote imo miongoni mwa malengo yake. Kamari ni miongoni mwa mambo yanayowatumbukiza vijana katika madeni na msongo wa mawazo. Kutenga sehemu maalumu ya pato hilo kwa matibabu yao hakuhitaji kubuni hazina mpya wala ushuru mpya, bali kanuni kutoka kwa Waziri wa Fedha na idhini ya Bunge.