Moyo ukipiga mbio usiku

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye kartiye yetu ya Mapendo iliamriwa kuhama pamoja na zingine tisa. Wengi tulikimbilia Sake. Tuliporudi ardhi ilikuwa imetulia, lakini moyo haukutulia. Mtoto akibamiza mlango, unadunda hadi shingoni.

Sisi pia tulienda kupimwa. Wakapima presha, damu na moyo wenyewe, wakasema hakuna kitu. Tulirudi na aibu, kama waongo. Leo tunajua kwamba woga unaweza kuukimbiza moyo hata umelala kitandani.

Basi mama, nenda upimwe kwanza, maana upungufu wa damu na homa pia huukimbiza moyo. Ukizimia, ukiumwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje asubuhi. Wasipoona ugonjwa, moyo ukianza tena keti, toa pumzi polepole, kisha hesabu mapigo kwa dakika moja: kwa mtu mzima aliyetulia, 60 hadi 100 ni kawaida.

Halafu mwambie mwenzako. Tulipolisema kwenye likelemba, kumbe tulikuwa wanne tunaoamka usiku.