Hesabu Itolewe kwa Wenyeji

Kila damu inapomwagika katika nchi na moto ukazimwa, magari ya msaada hufika. Huja mahema, unga, blanketi na dawa. Nyuma yake huja mikutano, mikataba na mamilioni ya fedha za kujenga upya. Hakuna Mkristo wala mpenda haki atakayemnyima mwenye njaa chakula kwa sababu tu kimetoka ng'ambo. Lakini lipo swali ambalo ni lazima liulizwe kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa: ni nani atakayepewa hesabu? Serikali humjibu yule anayeiuliza. Ikiwa anayeuliza ni mfadhili peke yake, serikali itajifunza kumridhisha mfadhili na kumsahau mwananchi.

Tulio Dagoretti Corner hatuhitaji kusafiri mbali ili kulielewa jambo hili. Mnamo Januari 2008 uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, uligeuka kambi ya watu waliokimbia makwao. Makanisa yalifungua milango na waumini wakagawana nao kidogo walichokuwa nacho. Maswali ya mwaka ule hayakuwa mapya, kwa maana nchi hii ilikwisha kuyapata miaka ya tisini, na haikuyajibu.

Tukumbushane. Mnamo Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi na ukaidi wa kukataa mageuzi. Siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, wajumbe wa KANU waliokusanyika Kasarani walikubali kifungu cha 2A kiondolewe, na vyama vingi vikarudi. Wapo waliosema kwamba uhuru huo uliletwa na Paris. Husahau waliouawa siku ya Saba Saba 1990, waliofungwa bila kushtakiwa, na maaskofu na wachungaji waliosema kweli mimbarani wakati kusema kweli kulikuwa hatari. Shinikizo la wageni lilisaidia, hatukatai. Lakini liliukuta mlango umekwisha kugongwa na wenyeji kwa miaka mingi.

Mlango ulipofunguka, Bonde la Ufa likawaka. Mashirika ya haki za binadamu yamekadiria kwamba tangu 1991 watu wapatao 1,500 waliuawa na 300,000 wakafukuzwa makwao. Baraza la Makanisa lilitoa ripoti yake mwaka 1992, na Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ikatoa yake mwaka huo huo, zote zikionyesha kwamba vita vile havikuwa ugomvi wa majirani tu, bali mikono ya wakubwa ilikuwamo.

Sasa tazameni miezi miwili ya mwaka 1993. Mnamo Oktoba wakazi wa Enoosupukia walishambuliwa na kufukuzwa, na maelfu wakakimbilia Maela, karibu na Naivasha. Mwezi huo huo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilianza mpango wa kuwarudisha wakimbizi wa ndani, likishirikiana na serikali ile ile iliyotuhumiwa kuwatawanya. Mnamo Novemba wafadhili walikutana tena Paris na kuahidi dola milioni 850. Je, wakimbizi walikuwa wamerudi makwao? La, hasha. Kilichowaridhisha wafadhili kilikuwa mizania ya Hazina, bei za mazao zilizoachiwa soko, na thamani ya shilingi. Kipimo kilikuwa cha mtoaji, na mkimbizi hakuulizwa.

Matunda yake yalionekana mkesha wa Krismasi wa 1994. Vyombo vya serikali viliingia katika kambi ya Maela, vikawapakia watu wapatao 2,000 katika malori usiku na kuwapeleka Mkoa wa Kati, ambako walimwagwa viwanjani, wengine katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Shirika lililokuwa mbia wa serikali katika kuwahudumia watu hao halikuarifiwa. Lililalamika, na mpango ukaendelea hadi 1995, kisha ukafungwa, huku maelfu wakiwa bado hawana ardhi wala hati. Serikali ilipata heshima ya kuitwa mshiriki wa amani, na mkimbizi akabaki na hema lililochakaa.

Baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, ambao Tume ya Waki ilihesabu vifo vyake kuwa 1,133, tulipata msaada wa aina nyingine: upatanishi. Kofi Annan na wenzake waliketi na pande mbili hadi mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Jambo hilo lilikuwa jema, na Katiba ya 2010 ilitokana kwa sehemu na makubaliano yale. Lakini katika kuwarudisha watu makwao, historia ilijirudia. Mpango wa Rudi Nyumbani, ulioanza Mei 2008, uliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Wangapi walilalamika kwamba majina yao yalikosekana orodhani, na majina ya wasiokimbia popote yakawamo! Orodha zilikaa kwa machifu na wakuu wa wilaya, mwenye kudai haki hakujua pa kuisomea, na mwenye kuiba hakuwa na wa kumwogopa.

Mnamo Desemba 2009 Uingereza ilisimamisha fedha zake za elimu ya msingi baada ya ubadhirifu kugunduliwa, na Januari 2010 Marekani ikafuata. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa fedha ni za walipa kodi wao, na walipa kodi wao huuliza. Lakini aliyeadhibiwa alikuwa mtoto aliyekosa kitabu, wala si mkubwa aliyekula fedha za kitabu hicho.

Jirani zetu wa Uganda wanatupa somo lililo wazi zaidi. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha kwamba fedha zilizotolewa na Ireland, Norway, Sweden na Denmark, za kuijenga upya Uganda ya kaskazini baada ya vita vya LRA, zilichotwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Wafadhili wakafunga mifereji. Mnamo Januari 2013 Ireland ilirudishiwa euro milioni 4. Mtu wa Dublin aliuliza, akajibiwa na kulipwa. Mjane wa Gulu, ambaye fedha zile zilitajwa kuwa zake, alilipwa na nani? Tena fedha zilizorudishwa zilitoka katika hazina ambayo yeye pia huichangia anunuapo chumvi na sabuni.

Tuiangalie na Somaliland. Wazee walikutana Borama mwaka 1993 kwa miezi kadhaa, wakapatana. Kwa kuwa mataifa hayakuitambua, haikuweza kukopa Benki ya Dunia. Serikali yake ilitegemea ushuru wa bandari ya Berbera na mikopo ya wafanyabiashara wake, nao waliotoa walidai malipo yake: silaha zikusanywe, barabara ziwe salama, wakubwa washauriane na raia. Hatusemi kwamba umaskini ni baraka, wala kwamba nchi ile haina dosari. Twasema tu kwamba mtawala anayemtegemea mlipa kodi hulazimika kumsikiliza.

Wapo watakaotuambia kwamba bila jicho la wafadhili wezi wangekula zaidi. Huenda. Lakini jicho la mgeni huona kile alichotumwa kukitazama, na siku mambo ya kwao yakibadilika, hugeuka likatazama kwingine. Mnamo Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikoma kuendesha kazi zake, na miradi iliyodhaniwa kuwa ya kudumu ikafungwa bila mwananchi yeyote wa Kenya kuulizwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba mtegemea jicho la nduguye huibiwa mchana.

Ushahidi kwamba wenyeji wanaweza kuuliza tunao. Mnamo Juni 2024 vijana walijaza barabara za Nairobi wakiupinga Mswada wa Fedha. Hawakwenda kwa balozi yeyote kumwomba awasemee. Waliusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauliza kodi yao inakwenda wapi. Damu ilimwagika, na hilo hatutalisahau. Lakini tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi. Abiria anayeshuka matatu hapa Dagoretti Corner amekwisha kulipa kodi katika mafuta ya gari lile na katika muda wa maongezi ulio ndani ya simu yake. Yeye ni mfadhili wa kwanza wa serikali hii, na anastahili kupewa hesabu kabla ya Paris, London au Washington.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila shilingi inayotolewa kwa ajili ya waathiriwa wa machafuko, iwe ya mgeni au ya Hazina, itangazwe kwa Kiswahili katika ofisi ya chifu na ya wadi: kiasi gani, kwa nani, kwa kazi gani. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari, na kifungu cha 201 chataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Pili, Bunge litoe maelezo kamili juu ya mfuko ulioundwa na sheria ya wakimbizi wa ndani ya mwaka 2012, na juu ya shilingi bilioni 10 zilizotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Machi 2015 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Tatu, na hili latuhusu sisi wenyewe, makanisa na vyama vya kupigania haki vinavyopokea fedha za nje vibandike vitabu vyao mlangoni. Haifai kumpelekea mfadhili ripoti yenye kurasa mia, kisha muumini aliyetoa sadaka asisomewe hata ukurasa mmoja.

Mali bila daftari huisha bila habari. Akina mama wa vyama vya kuchangiana huko Riruta na Kawangware hulijua hilo: mweka hazina asiyefungua daftari mbele ya wenzake hapewi fedha za mwezi unaofuata. Kanuni hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka Ikulu, Bungeni na katika kila ofisi ya wadi. Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila jumuiya ichague watu wawili wa kwenda kwa chifu kudai orodha na hesabu kwa maandishi. Wakikataliwa, waandike tarehe na jina la aliyewakataa, na wiki inayofuata warudi wakiwa wanne.