Usiniuzie Mlio Ukanificha Pipa

Eti ziara ya muziki na utamaduni wa Trinidad: asubuhi ufuoni, jioni saa moja ya stilipani, kisha hotelini mkalale. Wapi! Huko ni kuonjeshwa tu.

Pani haikuzaliwa kwenye baa ya hoteli. Mwaka 1881 watu wa Port of Spain walipigana na polisi wa mkoloni Mwingereza wakitetea Canboulay, maandamano yao ya mienge. Muda si muda ngoma zao zikapigwa marufuku. Wakatwanga mianzi ardhini. Baadaye wakashika makopo ya biskuti na mapipa ya mafuta, wakayagonga mpaka yakaimba. Waliopiga waliitwa wahuni, polisi wakawaandama. Pani ikaja kutangazwa ala ya taifa mwaka 1992.

Sasa kiongozi wa ziara anayekuonyesha Laventille, mtaa uliomlea huyo mtoto, kupitia dirisha la basi, anakuibia wewe na wao pia. Mwambie asimamishe gari. Shuka, nenda wanakofanyia mazoezi, kaa usikilize, na pesa uwape wapigaji wenyewe. Kama habari ya marufuku inakuchosha, basi usirudi kwenu ukijigamba umesikia pani.