Hita Isiyopasha na Themostati Iliyotupwa

Katika nchi ya joto kama Mkoa wa Simiyu, hita ya gari ni kifaa kisichokumbukwa. Dereva wa Bariadi huifungua pale tu injini inapochemsha njiani, akitaka kuipunguzia joto. Lakini gari hilo hilo likipita Lamadi, likavuka Serengeti na kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mambo hubadilika. Ukungu hutanda, kioo cha mbele huingia mvuke, na hita hutoa hewa ya uvuguvugu tu. Hapo usalama wa abiria umo mashakani.

Hita haina moto wake. Huazima joto la maji yanayopoza injini. Hivyo basi, hita dhaifu ni habari inayotoka ndani ya injini. Injini ikishapata moto, mipira miwili ya hita na iguswe kwa uangalifu. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, yamkini hita imeziba. Yote miwili ikiwa ya moto, kasoro itafutwe kwenye feni ya hita au milango ya hewa. Yote ikiwa ya uvuguvugu, ama maji yamepungua, ama themostati imekwama wazi au haimo kabisa.

Jambo hili la mwisho ndilo la kusikitisha. Themostati ni kilango chenye nta ambayo hutanuka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, na kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huing'oa na kuitupa. Tangu hapo injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Nacho chanzo cha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea au maji yanayovuja, hubaki palepale.

Fundi asilaumiwe kupita kiasi. Themostati ikikwama imefunga, kuiondoa njiani huweza kuokoa injini. Kosa ni kuigeuza hatua ya dharura kuwa tiba ya kudumu.

Shule za sekondari zaweza kusaidia. Themostati ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa, pamoja na kipimajoto, na wanafunzi waandike nyuzi inapoanza kufunguka. Bariadi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Hata hivyo joto hilo latosha. Mwanafunzi aliyeona nta ikisukuma kilango atajua kwamba kifaa hupimwa kwanza, ndipo kikahukumiwa.