Makanga walimsahau jenerali, je, na deni lake?

Abiria wa mabasi ya Karachi, Pakistan, wanaijua stegi moja kubwa kwa neno moja tu: Tower. Kondakta huliita kwa sauti kama makanga wetu wanavyoita Kencom, na ni wachache wanaojiuliza mnara huo ni wa nani.

Ni wa Sir William Merewether, Kamishna wa Sindh kati ya 1868 na 1877. Jiwe la msingi liliwekwa 1884, na mnara ukafunguliwa 1892. Una urefu wa mita 31 hivi, wote wa mawe, saa pande nne, karibu kabisa na bandari. Barabara inayofika hapo iliitwa Bunder Road, na ndiyo, hiyo "bunder" ni bandari hii hii yetu. Kiajemi kiligawia pande zote za bahari neno hilo.

Baada ya uhuru wa 1947, Bunder Road ilipewa jina la Jinnah, mwasisi wa taifa. McLeod Road nayo ikawa ya Chundrigar, waziri mkuu wa zamani. Sanamu ya Malkia Victoria ikaondolewa. Mnara ukaponea, nadhani kwa sababu ulikuwa na kazi: saa humfaa hata asiyempenda aliyeileta. Kwetu pia, Pembe za Mombasa ziliwekwa kwa heshima ya familia ya kifalme ya Uingereza, na leo watu wanaenda pale kupiga selfi.

Ni rahisi kushangilia hapo. Mkoloni alijengewa ukumbusho, makanga wakamsahau. Lakini hebu msome huyu jamaa vizuri. Mwaka 1867, akiwa mwakilishi wa Uingereza kule Aden, ndiye aliyeongoza kikosi cha upelelezi kilichotua Zula, katika Eritrea ya leo, kuandaa uvamizi wa Ethiopia. Vita viliishia Magdala mwaka uliofuata. Mfalme Tewodros alijiua, na wanajeshi wakabeba mataji na vitabu vya kanisa ambavyo Ethiopia ingali inadai.

Sasa jina likipotea, deni nalo linapotea kimyakimya. Kuubomoa mnara hakumrudishii Mhabeshi hata ukurasa mmoja. Kibao pale chini, kwa Kiurdu na Kisindhi, kikitaja Karachi na Magdala pamoja, hakina gharama kubwa. Kondakta aendelee tu kuita Tower.