Sheria na Mkono wa John Willes

Wako waandishi wa habari za kriketi wampimao mchezaji kwa hesabu ya mechi na mapigo yake. Kwa kipimo hicho John Willes wa Kent, aliyezaliwa mwaka 1778, ni mtu hafifu. Maana mechi zake kubwa zilikuwa chache, na mwisho wake ulikuwa wa fedheha. Kipimo hicho kinamdhulumu.

Katika zama zake mpira ulirushwa kwa mkono wa chini, na sheria ya mwaka 1816 ilimkataza mrushaji kuinua kiganja juu ya kiwiko. Wapigaji walikwisha kuuzoea urushaji huo hata wakaustarehea. Willes aliunyosha mkono wake ubavuni, mpira ukazidi kasi na kuruka. Mwezi wa Julai 1822, Kent ilipocheza na klabu ya Marylebone katika uwanja wa Lord's, mwamuzi Noah Mann aliubatilisha mrusho wake. Yasimuliwa kuwa Willes aliutupa mpira chini kwa hasira, akapanda farasi wake, akaenda zake. Hakucheza tena mechi kubwa.

Wako wasemao kuwa alistahili, kwani sheria ni sheria. Mwamuzi hana lawama. Alitimiza wajibu wake. Lawama ni ya wenye kuitunga. Mwaka 1828 waliruhusu mkono ufike kiwiko. Mwaka 1835 wakaruhusu ufike bega. Kosa la Willes likawa desturi, na William Lillywhite wa Sussex akapata sifa kuu kwa urushaji ule ule.

Hata hivyo somo halikushika. Mwaka 1862, katika uwanja wa Oval, Edgar Willsher wa Kent aliinua mkono juu ya bega, naye akabatilishwa. Mwamuzi alikuwa John Lillywhite, mwana wa William! Miaka miwili baadaye sheria ikamfuata Willsher pia.

Huambiwa kwamba Willes angalisubiri. Lakini kama wote wangalisubiri, watunga sheria wangaliona nini cha kuwageuza? Sheria hizo hazikubadilishwa na wenye subira, bali na mikono iliyokwisha kuzivunja mbele ya watu. Willes alikufa mwaka 1852, miaka 17 baada ya tendo lake kuhalalishwa. Amhesabiaye mechi zake tu huendelea kumhukumu kwa sheria iliyokwisha kufutwa.