Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Neno Letu Kuhusu The Marvels

Leo tunaweka pembeni mapishi na mambo ya nyumba, tuna neno kuhusu filamu. Tunajua wapo watakaouliza sinema za mashujaa wanaoruka angani zinatuhusu nini. Zinatuhusu, kwa sababu mabinti zetu wanazitazama, na kwa sababu mengi yaliyosemwa juu ya filamu hii yalisemwa juu ya wanawake kwa jumla.

Filamu yenyewe ni The Marvels, iliyotoka Novemba 2023, mwendelezo wa Captain Marvel ya mwaka 2019. Mashujaa wake ni watatu na wote ni wanawake: Carol Danvers (Brie Larson), Monica Rambeau (Teyonah Parris) na Kamala Khan (Iman Vellani), binti wa Kiislamu wa Jersey City, Marekani, ambaye wazee wake wanatoka Pakistan. Nguvu zao zimefungamana, kila wanapozitumia wanabadilishana mahali. Huyu alikuwa angani, mara yumo sebuleni kwa akina Kamala na adui anamfuata huko huko. Muongozaji ni Nia DaCosta, mwanamke wa kwanza mweusi kuongoza filamu ya Marvel.

Tusizunguke: sokoni ilianguka. Captain Marvel iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1 duniani. The Marvels, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200 kuitengeneza, iliingiza kama milioni 206 tu. Wikiendi ya kwanza Marekani ilipata karibu milioni 46, kiwango cha chini kuliko filamu zote za Marvel zilizotangulia katika mfululizo huo. Hesabu hizo hazina mjadala, na hatuna haja ya kuzipaka rangi.

Ugomvi wetu ni na hukumu iliyofuata. Mitandaoni watu walishangilia kama wako harusini: mmeona, wanawake hawauzi! Hebu jamani, tuhesabu vizuri. Mwaka huo huo wa 2023 filamu ya Barbie, iliyoongozwa na mwanamke na kubebwa na mwanamke, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 na kuzipita zote. Mwaka huo huo The Flash, ya shujaa mwanamume, ilipata hasara kubwa. Ant-Man na Quantumania yake nayo haikufikia ilichotarajiwa. Hatukumsikia mtu akisema wanaume wameshindwa kazi ya ushujaa, wapumzishwe. Mwanamume akianguka, ameanguka yeye na filamu yake. Mwanamke akianguka, wanaangushwa pamoja naye na wale ambao hata hawajazaliwa.

Na waliolipa kiingilio walisema nini? CinemaScore, kampuni inayowauliza Wamarekani maoni yao wanapotoka ukumbini, iliwapata watazamaji wakiipa The Marvels alama ya B. Kwa filamu za Marvel hiyo ni alama ya chini, na Captain Marvel ilipewa A. Lakini Quantumania nayo ilipata B hiyo hiyo. Kwenye Rotten Tomatoes, watazamaji waliothibitishwa kuwa walinunua tiketi waliipenda kwa zaidi ya asilimia 80, juu ya wakosoaji waliobaki kwenye sitini na kitu. Kwa ufupi, walioingia ukumbini wengi walitoka wameridhika. Tatizo kubwa lilikuwa wale ambao hawakuingia kabisa.

Kwa nini hawakuingia? Sababu zipo, na hazihitaji chuki kuzieleza. Waigizaji wa Marekani walikuwa kwenye mgomo tangu Julai 2023, na mgomo ukaisha Novemba 9, siku moja kabla ya filamu kuanza kuoneshwa huko. Hawakuweza kupita kwenye televisheni na magazeti kuinadi kazi yao. Pia watu walikuwa wamechoka. Ili kumjua Monica na Kamala vizuri ilibidi uwe umetazama tamthilia mbili, WandaVision na Ms. Marvel. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, alikiri mwaka huo kuwa wingi wa tamthilia za Marvel umepunguza umakini. Mama mwenye watoto na kazi hana muda wa kufanya mtihani kabla ya kwenda sinema.

Tena filamu ina kasoro zake. Dar-Benn, adui mkuu, ana sababu nzito ya kulipiza kisasi, kwani jua la sayari yake linakufa na Carol ana mkono katika maangamizi hayo. Lakini hapewi nafasi ya kutufanya tumwonee huruma wala tumwogope. Filamu nzima ni dakika 105, na inakimbia mahali ambapo ilipaswa kutulia. Mtu aliyeitazama akasema hayo tunamsikiliza, hata akisema haikumpendeza hata kidogo. Ametoa ushahidi wa alichokiona.

Tunayemkatalia ni shahidi asiyeona. Mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 2019, Captain Marvel ikiwa bado haijatoka, watu waliipakazia kwenye Rotten Tomatoes kwa wingi hadi mtandao huo ukazuia maoni kabla ya filamu kuoneshwa. Sisi tumefundishwa na dini yetu kuhakikisha habari kabla ya kuieneza, na kuogopa kusema tusilolijua. Kwa nini jambo hilo liwe wajibu kwenye habari za jirani, lakini tukifika kwenye filamu tukasambaza kejeli za mtu ambaye ametazama trela tu?

Na upande wa pili nao hatuwaachi. Wapo waliosema kila mwanamke lazima aisifu, na wenzetu wengine wakaongeza kuwa ya Kamala ni yetu Waislamu, tusiiseme vibaya. Hapana. Kazi ya mwanamke haihitaji kupewa sadaka ya sifa. Ukiisifu kwa huruma umemdharau aliyeifanya, na siku ukisifu kwa haki hakuna atakayekuamini.

Sifa yetu kwa Kamala basi ni ya haki. Tumeshazoea kwenye sinema binti wa Kiislamu akitaka kuwa mtu, lazima kwanza awakimbie wazee wake. Huyu hakuwakimbia. Mama yake Muneeba anamgombeza, baba yake Yusuf anahangaika, kaka yake Aamir analalamika, na bado wote wamo, mpaka huko angani. Binti anaokoa dunia na anabaki kuwa mtoto wa watu. Iman Vellani ameicheza nafasi hiyo kwa uchangamfu hata wengi ambao hawakuipenda filamu walimtoa yeye kwenye lawama.

Hapo ndipo hofu yetu ilipo. Wenye fedha wakiamini kuwa tatizo lilikuwa wanawake, watakaolipa ni mabinti kama Kamala, hadithi zao zitabaki makabatini. Wakiamini kuwa tatizo lilikuwa hadithi iliyobanwa na watazamaji waliochoshwa, basi mwandishi atapewa muda zaidi na binti atapewa filamu nyingine.

Basi mama, siku mwanao akikuambia filamu fulani ni mbovu, usimjibu haraka. Muulize kwanza: umeitazama? Kama ameitazama, muulize nini hakikumpendeza na kwa nini, umsikilize hadi mwisho. Kama hajaitazama, mwambie angoje aione ndiyo aseme. Na sisi watu wazima tuanze na simu zetu wenyewe.